Mzee Asiyelala Penye Kimya

Shemeji alikuwa anapita zake katika mtaa wa nyumba zenye mageti, hana hili wala lile, alipomwona mchoraji amepanda ngazi, anaandika kwa rangi nyekundu kwenye geti jeupe. Chini ya ngazi mwanamke mnene, aliyejitanda vizuri, alikuwa anamtajia maneno. Mchoraji alikuwa ameshafika hapa: HATUPANGISHI WENYE WATOTO, MBWA, PAKA, KUKU.

"Na ndege," alisema yule mama. "Andika na ndege. Mpangaji wa mwaka jana alileta kasuku, akanitukana."

"Kasuku alikutukana, mama?"

"Alirudia aliyoyasikia chumbani. Andika."

Shemeji akasimama. Mtu mwingine akiona maandishi kama yale huona geti lililofungwa. Yeye aliona mtu aliyetangaza kwa herufi kubwa kile anachokiogopa, na kwa Shemeji mtu wa namna hiyo alikuwa ameshaliwa nusu.

Huyu Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Mke hakuwa naye, na dada zake, kama walikuwepo, hawakuwahi kumtaja. Ila yeye ndiye aliyemwita kila mtu shemeji, polisi kwa muuza maji, mpaka jina likamganda mwenyewe. Kazi yake ilikuwa udalali wa vyumba. Unamlipa, anakuonyesha chumba. Kama chumba kimeshapangishwa tangu juzi, pesa hairudi. Alikuwa anasema, "Si umeshakiona?"

Na mama mwenye geti alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Vigae. Alikuwa amebandika vigae uani, barazani, ukutani hadi kiunoni, na mpaka kwenye njia ya kwendea chooni. Nyumba kubwa ilikuwa mbele, na vyumba vya kupangisha nyuma, mlango kwa mlango; mwenyewe alilala kwenye kijumba cha pembeni. Kila asubuhi alizikagua kamba za nguo akitafuta nepi. Alipomwona mwalimu mmoja, mpangaji wake mtulivu, ameanza kuvaa magauni mapana, alimpa mwezi mmoja ahame. "Nilimpangisha mtu mmoja," alisema. "Huyo wa tumboni hatujaandikishana."

Siku ya ibada Mama Vigae hukaa mstari wa mbele. Akipita mzazi na mtoto mgongoni humfinya mtoto shavu na kusema kwa sauti ya watu kusikia, "Mtoto ni baraka!" Baraka hizo zilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa geti lile jeupe. Nyuma ya geti vyumba vilikuwa vitupu, na nyumba ya mbele ilikuwa tupu, na uani kulikuwa safi kama hospitali isiyo na wagonjwa.

"Pole sana, shemeji," alisema Shemeji, akitikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani.

"Pole ya nini? Na shemeji yako ni nani hapa?"

"Pole ya hayo maandishi. Nilikuwa na mzee nilitaka kumleta kwenye hiyo nyumba ya mbele. Mtu mkubwa. Analipa miaka miwili mbele, habishani bei. Lakini basi. Endelea, fundi, andika na ndege."

"Subiri," Mama Vigae alimwambia mchoraji. "Mzee gani? Ana watoto?"

"Hana hata mmoja. Wala paka."

"Sasa?"

Shemeji aliangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Ana ugonjwa, shemeji. Halali penye kimya. Akilala nyumba iliyotulia, anakesha. Daktari wake amesema lazima aishi mahali penye watoto. Walie, wanyamazishwe, waanze tena. Mbwa mmoja abweke."

"Si anunue redio!"

"Amenunua. Tena kubwa. Mwili unajua, shemeji. Mwili haudanganyiki."

Mchoraji, juu ya ngazi, alikohoa. "Mama, rangi inakauka. Ndege niandike au nisiandike?"

Mama Vigae alikuwa anaitazama nyumba ya mbele, na midomo yake ilikuwa inatembea. Mtu asiyemjua angedhani anaomba dua.

"Hao watoto," alisema mwishowe, "mtu anawapata wapi?"

*

Kuwapata watoto haikuwa shida. Mji ulikuwa umejaa watoto waliofukuzwa. Shida ilikuwa Mama Vigae, ambaye alikuwa na tamaa lakini hakuwa mjinga wa kila upande. Ada ya udalali aliikubali, hata akaiweka kwenye bahasha na kumwonyesha Shemeji bahasha yenyewe. Ila alisema hataitoa mpaka amwone mzee kwa macho yake, amesimama uani kwake.

Kwa hiyo Shemeji alihitaji mzee. Na mzee alihitaji suti. Ndipo akaenda kwa fundi wa nguo.

Fundi alikuwa mwanamke mjane aliyeshona kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nyuma ya soko. Alikuwa na pacha wa kike waliokuwa wanakaribia kuanza shule, mtoto wa mgongoni, na paka mmoja mwenye sikio lililotoboka. Tena alikaa na baba mkwe wake, maana mume alipofariki mzee hakuwa na pa kwenda, na yeye hakuwa na moyo wa kumwonyesha mlango. Chumba walimokuwa wanaishi mwenye nyumba alitaka kukifanya stoo, na mwezi ulikuwa unaisha. Fundi alikuwa ametembea mitaa yote. Mwenye nyumba mmoja alimwuliza kupitia dirishani ana watoto wangapi, naye akaanza kuwataja. Dirisha likafungwa kabla hajamaliza. Mwingine alisema watoto angewavumilia, lakini si mkwe, maana wazee nao ni watoto, ila wanakohoa. Mwezi ukiisha, cherehani na watoto wangelala hapo hapo kibarazani, na hilo Fundi alilijua kila alipoinua macho kutazama mawingu.

Shemeji alipofika aliomba suti ya kuazima. Kisha akamwona mkwe mtu, amekaa kwenye kiti kidogo anafungua mishono ya gauni la mteja. Mzee mrefu, mvi zimepangika vizuri, shingo imesimama, mgongo umenyooka kama wa jenerali, ingawa ulinyooshwa na magunia.

"Shemeji," alinong'ona, "huyu mzee wako anafanya kazi?"

Akaeleza mpango wake. Alieleza kwa ufundi, akapaka sukari mahali pa kupaka. Mzee atavaa suti, atashuka kwenye gari la kukodi, atazunguka uani, atakubali kwa kichwa, atarudi garini. Basi. Kitakachowapata wenye watoto baada ya hapo, Mama Vigae atakapogundua hakuna mzee wala miaka miwili, hakukieleza, maana hakikuwa kinamhusu.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Yaani baba mkwe akadanganye watu?"

"Kudanganya ni neno zito, shemeji. Atatembea tu."

"Akiulizwa?"

"Ajibu kidogo."

"Baba hatasema uongo," alisema Fundi. "Akiulizwa atasema kweli. Hilo moja. La pili, kabla hajavaa hiyo suti nipate chumba huko kwa huyo mama, kwa kodi inayofaa vyumba vya nyuma, na kodi nitalipa mwenyewe kila mwezi. Mkataba wa mwaka, na watoto waandikwe humo, na paka aandikwe. La tatu, ada yako ya udalali kwangu sitoi."

Shemeji alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kweli! Mwache aseme kweli, shemeji. Ukweli ukivalishwa suti nani ataujua?"

Mzee aliweka gauni chini. "Mimi uongo siwezi," alisema polepole. "Si kwa wema. Nimezeeka, nitausahau katikati. Lakini hilo la kutolala penye kimya, nani alikwambia?"

"Nimelitunga, baba."

"Basi ni kweli. Nimefanya kazi kwenye kinu cha unga tangu ujana, na nyumba yangu ilikuwa ukuta mmoja na kinu. Kikizimwa sikukuu, sikukuu nzima nakesha."

Shemeji alishtuka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema kweli, na hakukusudia.

*

Mikataba ilitiwa saini. Mama Vigae alipokuwa anasitasita, Shemeji alimwambia wakili wa mzee ni mkali, akinusa watoto wa kukodi anaondoka na mteja wake. "Lazima wawe watoto wa kudumu, shemeji. Watoto wenye karatasi." Basi Fundi akahamia chumba cha mwisho na kundi lake lote, na mkwe akabaki kwenye chumba cha zamani na virago vichache. Mpishi wa hoteli akaingia jirani yake na mke na wavulana wanne. Kinyozi akachukua cha tatu, na mbwa. Hao wawili Shemeji aliwatoza ada kamili, akaimalizia kwenye kukodi gari la maana, na viatu vya mzee, na tai. Hakuhuzunika. Mkulima hulia akitupa mbegu?

Siku ya mzee kuja ilipofika, Mama Vigae aliamka mapema, akasimama uani, akasikiliza. Akasikia maji yanadondoka kwenye bomba. Basi.

Watoto saba walikuwa wamekaa kwenye kibaraza kama maharusi, mikono mapajani. Hata mtoto wa mgongoni alikuwa ametulia, anaangalia vigae. Mbwa wa kinyozi alikuwa amelala.

"Mbona mko kimya?" aliuliza Mama Vigae.

Watoto hawa walizaliwa kwenye nyumba za kupanga. Kabla hawajafundishwa kusema walifundishwa kunong'ona. Walijua kucheza bila kukimbia, kucheka kwa kuziba mdomo, kulia usoni bila kutoa sauti. Kila mama zao walipohamia mahali, somo lilikuwa hilo hilo: mwenye nyumba asikusikie. Na sasa mwenye nyumba mwenyewe, mzima mzima, amewasimamia.

"Chezeni!" Mama Vigae alisema. "Rukeni! Haya, huyu amempiga huyu, lia!"

"Sijampiga," alinong'ona mtoto wa mpishi.

"Basi mpige!"

Pacha mmoja akanyoosha kidole kwa adabu. "Bibi, tukipiga kelele hutatufukuza?"

"Nitawafukuza msipopiga! Mnataka kuniharibia nyumba na kimya chenu?"

Wakatazamana. Pacha akasema "aaa," kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akasubiri. Hakuna kilichotokea. Akasema "AAA." Mwenzake akadakia. Wavulana wa mpishi wakaruka kutoka barazani kwa pamoja, wakatua kwenye vigae, wakagundua kwamba vigae hulia vizuri vikipigwa kwa visigino. Mbwa akaamka. Paka akapanda ukutani. Mtoto mchanga, aliyekuwa amevumilia tangu kuzaliwa kwake, akafungua kinywa na kulipa deni lote.

Fundi alikuwa mlangoni mwa chumba chake, sindano mdomoni. Alitazama pembeni, akajifuta macho kwa upindo wa kitambaa cha mteja, kisha akakikagua kama hakijachafuka.

Kelele ile ilipofikia mahali ambapo dirisha lilikuwa linatetemeka, gari likapiga honi getini.

*

Mzee alishuka. Suti ya mteja fulani wa Fundi, aliyekuwa amesafiri, ilimkaa kana kwamba ameshonewa. Akatembea uani katikati ya vurugu ile, na uso wake ukalainika waziwazi, kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Hapa," alisema, "mtu analala."

Mama Vigae akamkimbilia. "Karibu, mzee wangu, karibu sana. Hapa kwetu watoto ndio tunaowapenda."

Shemeji, nyuma ya mzee, alitazama juu.

"Mzee ulikuwa kwenye biashara gani?"

"Nilikuwa kwenye kinu cha unga, mama."

"Kinu chako?"

"Wapi! Mimi nilikuwa mbeba magunia."

Shemeji alipiga hatua moja kuelekea getini. Lakini Mama Vigae alicheka, akampiga Shemeji kiwiko. "Umemsikia? Mbeba magunia! Matajiri wa kweli ndivyo walivyo, hawajitangazi. Hawa wa leo wakipata pikipiki tu, mtaa mzima tutajua." Akamgeukia mzee. "Na majumba je, mzee? Huko ulikotoka umeacha ngapi?"

"Sina hata moja. Sijawahi kujenga."

"Ameuza yote," Mama Vigae alimnong'oneza Shemeji.

"Na hii ya mbele," mzee aliendelea, akiitazama kwa heshima, "sijawahi kukaa kwenye nyumba kama hii, wala kodi yake siiwezi."

"Anaanza kupatana bei!" alinong'ona Mama Vigae, macho yanang'aa. "Usimjibu. Mwache."

Mtu mwingine angeambiwa hivyo angefunga geti. Lakini Mama Vigae alikuwa ameshaipokea ile miaka miwili moyoni, ameshaitumia, ameshabandika vigae vipya mpaka barabarani. Masikio yake hayakuwa na nafasi ya kitu kingine. Watu wa namna hii ukiwaambia una watoto watatu wanasikia vizuri sana.

Shemeji aliona mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyoomba, akaona ni wakati wa kuondoka. Akasogea. "Shemeji, mzee umemwona kwa macho yako. Ile bahasha yetu..."

Mama Vigae akaitoa kwenye mkoba. Akanyoosha mkono. Kisha, akitaka kujionyesha kwa mtu mkubwa kwamba naye anajua mambo ya pesa, akauliza: "Mzee wangu, nikuulize kama mzazi. Huyu dalali anadai ada yake sasa hivi. Wewe ungekuwa mimi, ungempa?"

Uani kukawa na kelele kama kawaida, lakini kwa Shemeji kulikuwa kimya kabisa. Alimtazama mzee kwa jicho moja la kuomba na jingine la kutisha.

Mzee alifikiri. Alikuwa ameulizwa swali, na neno lake na mkwe wake lilikuwa moja: akiulizwa, aseme kweli.

"Ningekuwa wewe," alisema, "nisingempa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Asubiri mpaka mtu ameingia nyumba ya mbele na amelipa. Ndiyo haki."

Bahasha ikarudi mkobani. Mkoba ukafungwa. Mama Vigae alimtazama mzee kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu. "Ndivyo mali inavyotunzwa," alisema. "Umesikia, dalali? Siku mzee akiingia nyumba ya mbele, siku hiyo hiyo unachukua chako."

"Lakini huyu mzee..." Shemeji alianza.

"Huyu mzee amefanya nini?"

Aseme nini? Aseme huyu mzee hana kitu? Mzee ameshasema mwenyewe, mara tatu. Aseme ni yeye aliyemtunga? Shemeji alitazama ule mkoba, akatazama mbwa wa kinyozi.

"Amechoka," alisema.

"Nimechoka kweli," alisema mzee. "Mama, mimi nahamia leo. Nitakaa na mkwe wangu, fundi, kwenye kile chumba cha mwisho. Nimo kwenye mkataba wake, jina langu lipo chini ya paka."

Mama Vigae aligeuka kumtazama Fundi, na ungeona mambo yanavyojipanga kichwani mwake moja baada ya jingine. Kumbe mkwe mtu! Kumbe tajiri alimtuma mkwe wake atangulie, aijaribu nyumba kwanza! Akaenda mbio, akamshika Fundi mikono yote miwili. "Mbona hukusema, mwanangu? Bomba la chumba chako linavuja, si ndiyo? Kesho litatengenezwa."

"Linavuja," alisema Fundi. "Asante, mama."

*

Usiku huo mzee alilala kama gogo, na asubuhi Mama Vigae alikuja mwenyewe kumjulia hali.

"Mzee umelalaje?"

"Salama kabisa. Ila alfajiri waliponyamaza niliamka."

Mama Vigae akamwita Shemeji siku hiyo hiyo. "Watoto hawatoshi," alisema. "Ndiyo maana haingii nyumba ya mbele, anaona wachache. Vyumba viwili bado vitupu. Lete wengine."

"Ada ya kuwaleta, shemeji..."

"Ada gani? Hutaki mzee aingie? Hutaki bahasha yako?"

Basi Shemeji akatembea juani, kwa viatu vyake mwenyewe, akatafuta wenye watoto waliokataliwa kila mahali, akawaleta mpaka getini bila kuwatoza kitu, maana Mama Vigae aliwaambia wasimpe. Yule mwalimu aliyefukuzwa alirudi na mtoto wake mikononi. Alipewa chumba kile kile, na Mama Vigae akamfinya mtoto shavu, akasubiri, na mtoto alipolia alimshukuru Mungu kwa sauti. Dalali mwingine angesema hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuwapa watu pa kuishi. Shemeji aliiona kama kifungo.

Siku moja jioni alimkuta mzee amekaa barazani, pacha mmoja anamchana mvi, na mwingine anapiga sufuria kwa kijiko. Shemeji akachuchumaa mbele yake. Hakuwa na utani usoni.

"Mzee, tuko wawili tu. Niambie. Kweli huna kitu popote? Kiwanja? Kitu cha kurithi?"

"Sina, mwanangu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilibeba magunia."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu. Aliitazama ile shingo iliyosimama, na ule mgongo, na namna mzee alivyosema hana bila kupepesa jicho. Maskini hasemi hivyo, Shemeji aliwaza. Maskini huona haya.

Akainuka, akajipangusa magoti. Kule ng'ambo ya soko alikuwa amesikia kuna mtu ana watoto sita na mbuzi, na hakuna anayempangisha.

"Usilale kwanza, mzee," alisema. "Nakuja nao."